Rais Alijuaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Habari za Vita Zilivyomfikia Roosevelt

Kila ninapofundisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanafunzi huniuliza habari za vifaru, nyambizi na bomu la Hiroshima. Ni wachache wanaouliza lile ninaloliona mimi kuwa swali mama: mtu aliyeketi Washington, tena aliyepooza miguu tangu 1921, alijuaje kinachotokea Misri, Moscow na Bahari ya Pasifiki kwa siku moja? Na alipojua, alifanya nini? Ukurasa huu ni kwa ajili ya hao wachache. Unamhusu Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani tangu 1933 hadi alipofariki tarehe 12 Aprili 1945. Nimemchagua yeye kwa sababu njia ya habari zake tunaweza kuifuata karibu mlango kwa mlango, na kwa sababu alifanikiwa sana mahali fulani na kushindwa vibaya mahali pengine.

Kabla Marekani haijaingia vitani, habari zilimfikia kwa njia gani?

Kwa njia nyingi zisizo na msimamizi mmoja. Mabalozi walituma telegramu Wizara ya Mambo ya Nje. Maafisa wa jeshi waliokuwa kwenye balozi walipeleka zao Wizara ya Vita, na wale wa majini wakapeleka Wizara ya Jeshi la Majini. Kila wizara iliatamia chake kama kuku.

Roosevelt hakuchukizwa sana na hali hiyo. Alikuwa na desturi ya kumpa mtu kazi, kisha kumpa mwingine kazi ileile kimyakimya, apate kulinganisha majibu yao. Joseph Kennedy, balozi wake London, alikuwa akiandika mara kwa mara kwamba Uingereza haitahimili kishindo cha Hitler. Rais hakubishana naye. Julai 1940 alimtuma William Donovan, mwanasheria aliyepata nishani kubwa ya ushujaa katika Vita Kuu ya Kwanza, akajionee. Januari 1941 akamtuma Harry Hopkins, rafiki yake wa karibu aliyekuwa akiishi humohumo Ikulu. Wote wawili walirudi na neno moja: Waingereza watapigana.

Julai 1941, mwezi mmoja baada ya Wajerumani kuivamia Urusi, Hopkins alifika hadi Moscow akaketi na Stalin. Wakati huo wakuu wengi wa jeshi Washington walikuwa wakihesabu kwamba Urusi itaanguka baada ya wiki au miezi michache. Hopkins, mgonjwa wa tumbo aliyekonda mpaka nguo zikampwaya, alirudi na orodha ya mahitaji ya Stalin, na ndani yake kulikuwa na alumini ya kutengenezea ndege. Mtu anayefikiria kusalimu amri wiki ijayo haombi alumini. Habari hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko mafaili mengi.

Mawasiliano ya siri na Churchill yalianza lini?

Tarehe 11 Septemba 1939, siku kumi tu baada ya vita kuanza Ulaya, na Roosevelt ndiye aliyetangulia kuandika. Churchill alikuwa waziri anayesimamia jeshi la majini la Uingereza. Roosevelt naye aliwahi kuwa naibu waziri wa jeshi la majini la kwao, kwa hiyo walianzia hapo, kama mabaharia wawili wanaojuliana hali. Churchill alipokuwa Waziri Mkuu Mei 1940 akawa anatia sahihi kama "Mtu wa Zamani wa Majini". Hadi 1945 walikuwa wamepelekeana jumbe zaidi ya 1,700.

Jumbe za mwanzo zilipitia ubalozi wa Marekani London, na hapo zilivuja. Tyler Kent, karani wa ubalozi aliyekuwa akifumba na kufumbua telegramu, yaani kuziandika kwa maandishi ya siri na kuzirudisha katika lugha ya kawaida, alikuwa akibeba nakala kwenda nazo nyumbani. Polisi walipoingia kwake tarehe 20 Mei 1940 walikuta nyaraka zaidi ya 1,000, za Roosevelt na Churchill zikiwemo. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Ukitaka kuelewa kwa nini baadaye Roosevelt aliibana njia ya habari zake namna alivyoibana, anzia nyumbani kwa karani huyo.

"Magic" ilikuwa nini?

Ni jina la siri ambalo Wamarekani walizipa jumbe za kidiplomasia za Japani walizozinasa na kuzifumbua. Wajapani walitumia mashine ya kufumbia jumbe ambayo Wamarekani waliipa jina la Purple, yaani zambarau. Kundi la wataalamu wa jeshi la nchi kavu chini ya William Friedman, kazi yenyewe ikiongozwa na Frank Rowlett, lilihangaika nayo kama mwaka mmoja na nusu. Septemba 1940, Genevieve Grotjan, mwanamke wa miaka 27 aliyesomea hisabati, aliuona mpangilio uliokuwa umejificha ndani ya herufi, akawaita wenzake waje watazame karatasi yake. Baada ya hapo waliunda mashine inayofanya kazi kama ya Wajapani bila kuwahi kuiona ya Wajapani.

Jumbe zilitiwa kwenye mkoba wa kufuli. Afisa aliuleta, akamngoja msomaji amalize, akaondoka nao. Mwaka 1941 majeshi mawili yalikubaliana kupokezana mwezi kwa mwezi kuupeleka mkoba Ikulu, lakini jeshi la nchi kavu likapoteza imani na usiri wa Ikulu na kwa muda likaacha kabisa kupeleka. Novemba 1941 Rais alidai aonyeshwe maandishi yenyewe badala ya muhtasari, na kazi ikawa ya majini. Mimi hili hunisumbua kila nikilisoma. Vita imefika kizingitini, na Amiri Jeshi Mkuu inambidi adai kusoma kilichofumbuliwa na watu wake mwenyewe.

Je, usiku wa kuamkia Pearl Harbor Roosevelt alijua?

Katika mada hii, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza polepole. Pearl Harbor ni bandari ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, ambayo Wajapani waliishambulia ghafla tarehe 7 Desemba 1941.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 1941, Tokyo ilianza kuutumia ubalozi wake Washington ujumbe mrefu wa sehemu 14. Hadi jioni Wamarekani walikuwa wamezifumbua 13. Afisa kijana wa majini, Luteni Lester Schulz, aliachiwa ufunguo wa mkoba Ikulu aungoje. Kama saa tatu na nusu usiku alipanda hadi chumba cha kazi cha Rais kwenye ghorofa ya pili. Roosevelt alikuwa ameketi kwenye meza yake, Hopkins akitembea huku na huko. Schulz alifungua kufuli, akatoa karatasi kama kumi na tano, akampa.

Rais alisoma kwa dakika kama kumi. Kisha akampa Hopkins, naye alipomaliza kusoma, Roosevelt akasema maneno ambayo maana yake ilikuwa: hii ni vita. Hopkins alisema ni jambo la kusikitisha kwamba Marekani haiwezi kupiga kwanza. Rais akakataa, akasema wao ni nchi ya kidemokrasia na watu wa amani. Schulz alisimama palepale muda wote huo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuungoja mkoba. Haya tunayajua kutokana na ushahidi alioutoa mbele ya Bunge la Congress mwaka 1946.

Sasa angalia kilichokuwemo kwenye karatasi zile na kisichokuwemo. Ulikuwa ujumbe wa kidiplomasia, wa kuvunja mazungumzo. Haukutaja Hawaii. Haukutaja meli. Mabalozi wa Japani wenyewe hawakuambiwa kitu kuhusu Pearl Harbor, na mtu huwezi kusoma kwenye barua kitu ambacho mwandishi wake hakukiweka. Mafumbo ya jeshi la majini la Japani yalikuwa mengine kabisa, na wakati huo Wamarekani walikuwa hawajaweza kuyasoma kiasi cha kuwafaa.

Sehemu ya 14 ilifika asubuhi ya tarehe 7, pamoja na agizo kwamba ujumbe ukabidhiwe saa saba kamili mchana kwa saa za Washington. Hawaii hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Jenerali George Marshall alituma onyo, lakini halikwenda kwa njia ya jeshi. Lilipita kwenye kampuni ya telegramu ya kawaida na likafika mkononi mwa kamanda wa Hawaii baada ya mabomu kumalizika. Wamarekani 2,403 walikufa. Rais alipata habari kwa simu ya Waziri wa Jeshi la Majini, Frank Knox, akiwa chumba kilekile, na Hopkins akiwa kando yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: alijua kwamba vita inakuja, hakujua inakuja wapi. Wanaosema alijua yote na akanyamaza hawajawahi kutuonyesha karatasi hata moja inayolithibitisha hilo.

Chumba cha Ramani kilianzaje?

Wiki mbili baada ya Pearl Harbor, Churchill alifika Washington akakaa Ikulu kwa wiki kadhaa. Alikuja na ramani zake za vita na afisa wa kuzitunza, zikatundikwa kwenye chumba jirani na chake. Roosevelt alizipenda pasi na kifani. Alikuwa mtu wa ramani tangu utotoni, kwa sababu ya stempu alizokuwa akikusanya. Visiwa ambavyo majenerali walivitafuta kwa kidole, yeye alivijua kwa stempu zake.

Januari 1942 aliamuru kitengenezwe chumba kama hicho. Palichukuliwa chumba cha chini ambako wanawake walikuwa wakiacha makoti yao siku za dhifa. Mpambe wake wa jeshi la majini, Kapteni John McCrea, alisimamia, na aliyekipanga ni Robert Montgomery, mwigizaji wa sinema aliyekuwa amejiunga na majini. Ramani zilifunika kuta, juu yake plastiki angavu ili maafisa wachore na kufuta kwa penseli ya mafuta kadiri askari walivyosonga. Meza na makabati yaliwekwa katikati. Sababu yake ni rahisi na mimi huiona nzuri sana: kiti cha magurudumu kipite kando ya kuta zote, Rais afike karibu kabisa na ramani bila kumwomba mtu asogeze kitu.

Kulikuwa na pini za rangi na maumbo tofauti za kuonyesha meli na vikosi. Pini tatu zilikuwa za pekee, za kuonyesha viongozi walipo: ya Roosevelt ilikuwa na umbo la kishikio cha sigara, ya Churchill sigara nene, ya Stalin kiko. Mwisho wa Novemba 1943 wenye pini hizo wote watatu walikuwa mji mmoja, Tehran.

Maafisa wa majeshi yote mawili walikaa zamu usiku na mchana. Chumba kilikuwa jirani na ofisi ya daktari, ambako Rais alipita mara kwa mara kutibiwa mafua yaliyokuwa yakimsumbua, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusukumwa hadi humo, akauliza kuna nini kipya, akatazama ukutani.

Nani aliruhusiwa kuingia?

Wachache mno. Hopkins, Admirali William Leahy, aliyekuwa mnadhimu mkuu wa Rais tangu Julai 1942 na ambaye ndiye aliyempa muhtasari kila asubuhi, wapambe, wakuu wa majeshi, na maafisa wa zamu, akiwemo kijana George Elsey, ambaye kumbukumbu zake zimetufundisha mengi kuhusu maisha ya humo. Mawaziri wengi hawakukanyaga. Waziri wa Mambo ya Nje, Cordell Hull, mtu ambaye kwa desturi ndiye mwenye diplomasia, hakupelekwa kwenye mikutano ya viongozi ya Casablanca wala Tehran, na mengi yaliyoandikwa kati ya Rais na Churchill hakuyaona.

Kwa nini jumbe zilitoka kwa mlango mmoja na kuingia kwa mwingine?

Hapa ndipo unapomwona Roosevelt mwenyewe. Aliagiza kwamba jumbe anazotuma kwa viongozi wenzake zifumbwe na kupelekwa na watu wa majini, na majibu yapokewe na kufumbuliwa na watu wa jeshi la nchi kavu. Karani wa majini aliona maswali bila majibu. Karani wa nchi kavu aliona majibu bila maswali. Faili kamili, lenye swali na jibu lake, lilikuwa mahali pamoja tu: Chumba cha Ramani.

Kwa usalama, ulikuwa mpango wa akili. Tyler Kent mwingine angeiba nusu ya mazungumzo tu. Lakini ulikuwa pia mpango wa madaraka. Asiye na faili hana hoja. Waziri anayebishana na Rais kuhusu Urusi bila kujua Stalin aliandika nini wiki iliyopita ameshindwa kabla hajafungua mdomo. Roosevelt alilijua hilo vizuri, na mimi siamini kwamba lilitokea kwa bahati.

Gharama yake ilikuwa kwamba diplomasia nzima ya vita ilikaa kichwani mwa mtu mmoja mgonjwa na kwenye makabati ya chumba kimoja. Nitarudi hapo chini.

Habari za Hitler zilipatikanaje?

Nyingi zilitoka kwa Waingereza waliokuwa wakisoma mafumbo ya Wajerumani. Ila kuna chanzo kimoja ambacho wanafunzi wangu hushangaa kukisikia: balozi wa Japani Berlin, Jenerali Hiroshi Oshima. Alikuwa rafiki wa wakubwa wa Kinazi, wakimweleza mambo yao, naye aliyaripoti Tokyo kwa uaminifu kupitia mashine ya Purple. Mwaka 1943 Wajerumani walimtembeza kwenye ngome zao za pwani ya Ufaransa. Akaandika taarifa ndefu, na Washington ikaisoma. Septemba 1944, mgombea urais Thomas Dewey alipokuwa akifikiria kuifanya Pearl Harbor hoja ya kampeni, Marshall alimwandikia barua ya siri akimsihi anyamaze, kwa sababu Wajapani walikuwa bado wakitumia mafumbo yaleyale na jumbe za Oshima ndizo zilizokuwa chanzo kikuu cha kujua nia za Hitler Ulaya. Dewey alinyamaza. Alishindwa uchaguzi akiwa na siri hiyo kifuani, na kwa hilo namheshimu.

Alipokuwa safarini ilikuwaje?

Chumba cha Ramani kilimfuata kwa njia ya redio. Maafisa wa Washington walichuja, wakafumba, wakamtumia, na alikofika palikuwa na wenzao wa kupokea. Tatizo lilikuwa baharini, kwa sababu meli iliyombeba Rais ilipaswa kunyamaza isije ikasikiwa na nyambizi: ilisikia bila kusema. Novemba 1943, akielekea Tehran kwa manowari ya Iowa, mojawapo ya meli za ulinzi, William D. Porter, ilifyatua torpido kwa bahati mbaya kuelekea meli ya Rais. Ilibidi ukimya wa redio uvunjwe ili kuonya. Iowa ilipinda kwa kasi na torpido ikalipuka nyuma yake.

Hawakuweza kupigiana simu tu?

Waliweza, na hapo mwanzo ilikuwa kosa. Simu ya kuvuka Atlantiki ilikuwa na mtambo wa kuvuruga sauti, lakini Posta ya Ujerumani iliuvunja, na tangu 1942 Wajerumani walikuwa wakisikiliza kutoka kituo chao Uholanzi. Mtambo ulio salama, SIGSALY, ulianza kazi tarehe 15 Julai 1943 kati ya Pentagon na London. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na wa London uliwekwa chini ya duka la Selfridges. Funguo zake zilikuwa kelele tupu zilizorekodiwa kwenye santuri, nakala moja kila upande, zikiteketezwa baada ya kutumika. Hata hivyo mambo mazito yaliendelea kuandikwa. Maandishi hayabishaniwi kesho yake.

Alizipokeaje habari mbaya?

Tarehe 21 Juni 1942, Churchill alikuwa na Roosevelt katika chumba cha kazi cha Rais. Uliletwa ujumbe kwenye kipande cha karatasi. Rais alisoma, akampa Churchill bila kusema neno. Tobruk, ngome ya Waingereza huko Libya, ilikuwa imeanguka, na maelfu ya askari wametekwa. Churchill aliandika baadaye kwamba lilikuwa mojawapo ya mapigo mazito kwake katika vita nzima, na alilipokea mbele ya mwenyeji wake.

Roosevelt hakuuliza ilikuwaje. Hakuuliza nani wa kulaumiwa. Aliuliza: tuwasaidie nini? Churchill akaomba vifaru vya Sherman. Vilikuwa vichache na askari wa Marekani ndiyo kwanza wanapewa, lakini vifaru 300 na mizinga 100 vilipakiwa melini kwenda Misri. Oktoba vilikuwa kwenye mapigano ya El Alamein, hukohuko Misri.

Je, kuna habari zilizomfikia akazipuuza?

Zipo, na zilizoniumiza zaidi ni hizi. Alikuwa na kikundi chake kidogo cha upelelezi kilichoongozwa na mwandishi wa gazeti, John Franklin Carter. Mwishoni mwa 1941 Carter alimletea ripoti ya Curtis Munson, aliyetumwa pwani ya magharibi kuchunguza Wamarekani wenye asili ya Japani. Munson aliandika kwamba walio wengi mno ni waaminifu kwa Marekani na hakuna "tatizo la Wajapani".

Tarehe 19 Februari 1942 Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066. Watu kama 120,000, theluthi mbili wakiwa raia, waling'olewa majumbani mwao na kufungiwa kambini jangwani, na watoto wao. Hakukosa habari. Alikuwa nazo sahihi, kutoka kwa mtu aliyemtuma mwenyewe, akafuata kelele za wanasiasa wa California na hofu ya majenerali. Hakuna Chumba cha Ramani kinachotibu hilo.

Na kuna zilizozuiwa njiani?

Ndiyo. Agosti 1942 Gerhart Riegner, mwanasheria wa Kiyahudi aliyekuwa Geneva, aliomba ubalozi mdogo wa Marekani upeleke telegramu: Hitler ana mpango wa kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya. Ilikuwa imwendee Rabi Stephen Wise wa New York. Wizara ya Mambo ya Nje iliipokea ikaikalia. Wise aliipata kupitia London. Februari 1943 maafisa wa wizara walituma telegramu namba 354 kwa ubalozi wao wa Bern, Uswisi, wakiagiza kwamba jumbe za watu binafsi za namna hiyo zisipitishwe tena. Isome tena sentensi hiyo. Habari za mauaji ya watu zilikuwa zikija, na mtu ofisini akaandika ziache kuja.

Waliofichua ni vijana wa Wizara ya Fedha, Josiah DuBois na John Pehle wakiwemo. Bosi wao, Henry Morgenthau, aliifikisha taarifa yao kwa Rais tarehe 16 Januari 1944, na siku sita baadaye Roosevelt aliunda Bodi ya Wakimbizi wa Vita.

Lakini nisieleweke vibaya. Roosevelt alikuwa ameshajua. Desemba 1942 Wise alikutana naye, na tarehe 28 Julai 1943 Jan Karski, mjumbe wa wapigania uhuru wa Poland aliyeingia kwa siri katika mtaa waliofungiwa Wayahudi Warszawa, aliketi naye akamweleza. Kilichokosekana hadi Januari 1944 ni mtu wa kuiweka mezani pamoja na ushahidi wa waliokuwa wakizuia.

Afrika ilikuwa wapi katika habari hizo?

Ilikuwamo tangu mwanzo, kwenye barua moja. Albert Einstein aliiandikia Ikulu barua ya tarehe 2 Agosti 1939 kuhusu uwezekano wa bomu la aina mpya, na ndani yake alitaja kwamba chanzo muhimu kabisa cha urani, madini ya kutengenezea bomu hilo, ni Kongo ya Wabelgiji. Alexander Sachs, mchumi aliyefahamiana na Rais, aliifikisha kwa Rais tarehe 11 Oktoba. Roosevelt alimwita mpambe wake, Jenerali Edwin Watson, ambaye alimzoea kwa jina la "Pa", akamwambia jambo hili linataka hatua.

Mgodi wenyewe ulikuwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ambayo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodini. Zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa tayari New York mwaka 1940, zimehifadhiwa na mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, na jeshi likazinunua 1942. Mradi wa bomu ulikuwa siri hata kwa Harry Truman alipokuwa Makamu wa Rais mwaka 1945. Mchimbaji wa Shinkolobwe angeambiwa na nani anachimba nini?

Lincoln naye alikuwa na chumba cha namna hii?

Abraham Lincoln, Rais wa Marekani katika miaka ya 1860, hakuwa nacho Ikulu. Wakati wa Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe alitembea kwa miguu hadi ofisi ya telegramu ya Wizara ya Vita, mara nyingine usiku, akasoma jumbe zilizowekwa kwenye droo, moja baada ya nyingine. Katika ofisi hiyo ndipo alipoanza kuandika Tangazo la Ukombozi wa watumwa mwaka 1862.

Roosevelt alipofariki, habari zote zilikwenda wapi?

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Harry Truman alikuwa Makamu wa Rais kwa siku 82. Katika muda huo alikutana na Roosevelt faragha mara mbili tu, na hawakuzungumza bomu wala mikataba ya Yalta, mkutano wa Februari 1945 wa Roosevelt, Churchill na Stalin. Jioni ya tarehe 12 Aprili 1945, baada ya kuapishwa, Waziri wa Vita Henry Stimson alibaki nyuma akamnong'oneza kwamba kuna silaha kubwa inatengenezwa. Maelezo kamili aliyapata tarehe 25 Aprili, kwenye waraka uliosema kwamba ndani ya miezi minne huenda silaha ya kutisha kuliko zote katika historia ikawa tayari. Ilibidi aanze kusoma makabati ya Chumba cha Ramani kama mwanafunzi aliyehamia shule wiki ya mtihani, wakati Stalin na Churchill kila mmoja anajua yote aliyoandikiana na Roosevelt. Mwaka 1949, yeye akiwa Rais, sheria ilibadilishwa na Makamu wa Rais akapewa kiti katika Baraza la Usalama la Taifa.

Chumba hicho bado kipo?

Kipo, na bado kinaitwa Chumba cha Ramani, ingawa siku hizi ni sebule. Humo imetundikwa ramani ya mwisho ya hali ya vita iliyotayarishwa kwa ajili ya Roosevelt, inayoonyesha majeshi yalipofika Ulaya. Ina tarehe ya 3 Aprili 1945. Yeye alikuwa ameondoka Washington tarehe 29 Machi kwenda kupumzika Georgia, na hakurudi akiwa hai.